Kafara Iliyorudi Hai

Mwezi uliopita mlinifanyia karamu ya kuniaga, mkanipa saa ya ukutani, mkasimama mmoja mmoja kunisifu. Wa mwisho, kijana wa dawati la michezo, akasema kuwa mimi ndimi mwandishi wa kwanza nchini kutangaza mwisho wa Hali ya Hatari, kabla ya Gavana mwenyewe. Mkapiga makofi. Mimi nikainamia sahani ya biriani nikajifanya natafuta hiliki. Ni kweli habari ile niliiandika mimi, ila sikuwa naijua. Niliitunga kichwani mwangu, kwa makusudi, ili ikatwe. Sasa kwa vile hakuna tena wa kunifukuza kazi, nawaandikia ilivyokuwa. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vilivyokuja vilikuwa haba na havikunifundisha kitu.

Nilianza kazi mwishoni mwa miaka ya hamsini, katika gazeti dogo la Kiswahili lililotoka kila Ijumaa. Jina lake nalihifadhi, maana limeshakufa na marehemu hasengenywi. Lilichapwa Changamwe, katika banda la bati nyuma ya matangi ya mafuta, na mimi nikitoka kwetu Likoni: kivuko asubuhi, kisha basi kupita Makupa, na kuanzia hapo harufu ya mafuta ya taa ikikuonyesha njia. Siku ya kwanza nilivaa kanzu iliyopigwa pasi na kuchomeka kalamu mbili mfukoni, kwa kuwa nilidhani mwandishi huandika. Mhariri wetu, Mzee Athmani wa Kisauni, alinitazama kutoka kofia hadi makubadhi, akanikabidhi karai lililojaa herufi za kuchapia, za madini ya risasi, zilizomwagika jana yake.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Zirudishe makwao."

Nilizirudisha makwao siku tatu. Kila herufi ilikuwa na kijumba chake katika kasha kubwa la mbao, na kila moja imegeuzwa kama uso ndani ya kioo, b ikijifanya d. Aliyenifundisha kuzitambua alikuwa mpanga herufi wetu, Njoroge, Mkikuyu wa makamo, mpole, mwenye vidole vyeusi vya wino vilivyokwenda kasi kuliko macho yangu. Aliniambia nisiamini macho. Kila kipande cha herufi kina mkato mdogo ubavuni; kidole kikiupata mkato, umejua juu ni wapi na chini ni wapi. Mpaka leo nikishika funguo nazipapasa ubavu.

Herufi zile tulizirithi kutoka gazeti la Kiingereza lililokufa kabla yetu. Waingereza hawana haja kubwa na K, na Kiswahili hakipigi hatua bila K. Kufika ukurasa wa tatu zilikuwa zimekwisha, na ukurasa wa nne uliandikwa kwa kukwepa.

"Bakari," Njoroge alikuwa akinijia na karatasi yangu, "hapa umeandika 'kwa kuwa' mara sita. Nipe 'maana'."

Huo ufasaha wangu mnaousifu ulizaliwa hapo, na mama yake ni uhaba.

Vita vya msituni, vilivyoleta ile Hali ya Hatari, vilikuwa bara, mbali nasi, na vilitufikia ndani ya bahasha. Kila Jumatatu ilikuja taarifa ya serikali kutoka Nairobi, nasi hatukuruhusiwa kuandika juu ya vita ila ilichosema taarifa. Ilisema misitu imesafishwa. Wiki iliyofuata ilisema misitu ile ile imesafishwa. Na kila taarifa ilimalizia kwamba hali inazidi kuwa nzuri. Wapanga herufi hubomoa sentensi ikishachapwa, ili herufi zitumike tena, lakini Njoroge aliiona hiyo ikirudi kila wiki, akachoka. Akaifunga uzi nzima nzima, akaiweka rafuni, na kila Jumatatu akaishusha na kuipuliza vumbi. Mzee Athmani alisema hajapata kumwona mgonjwa anayepata nafuu kila wiki miaka yote hiyo na asiruhusiwe kutoka hospitali.

Leseni yetu ilikuwa na sharti. Kila Alhamisi asubuhi nilichukua prufu, yaani chapa ya kwanza ya kusahihishia, nikazipeleka kisiwani Mombasa kwa afisa wa kukagua magazeti. Alikuwa Mwingereza mrefu, mwenye haya, aliyejifunza Kiswahili kitabuni na aliyekizungumza kwa tahadhari, kama mtu anayetoa vyombo vya watu kabatini. Sisi tulimwita Bwana Penseli. Alilolikata kwa penseli yake nyekundu halikuchapwa, na ukurasa alioupiga muhuri wa serikali ulikuwa umepita.

Hapo ndipo nilipofunzwa kazi ambayo hamtafunzwa chuoni. Mzee Athmani alikuwa na falsafa yake.

"Sikiza, mwanangu. Yule bwana analipwa ili akate. Ukimpelekea ukurasa usio na la kukata, ataona haya kula mshahara wa bure, atakata lile jema. Basi mtangulizie kafara."

Kwetu pwani jambo zito likikukabili huchinja, ukagawa nyama, ukaomba balaa liishie kwa mnyama nawe upone. Mzee alilileta hilo gazetini. Wiki tukiwa na habari tunayoitaka ipite, tuliweka juu yake habari nyingine ya ovyo kabisa, penseli ishibe hapo. Kutunga kafara nilipewa mimi, kwa sababu Mzee aliniona nina kipaji cha uongo, na alilisema hilo mbele za watu kama anayenisifu. Ya kwanza ilihusu punda wa Kisauni aliyekataa kutulia wimbo wa Malkia ulipopigwa, akaendelea kula majani. Bwana Penseli aliikata kwa mistari mitatu mizito, akaandika pembeni: "Si heshima." Chini yake, habari ya nyumba za wafanyakazi Changamwe zilizokaa siku tisa bila maji ikapita bila mkwaruzo. Jumamosi mifereji ikatoa maji. Yule punda naamini amewanywesha watu wengi kuliko madiwani kadhaa niliokuja kuwajua baadaye.

Sasa nifike kwa Njoroge. Alikuja pwani kabla ya vita, na vita vikamfungia huku. Mkikuyu wakati huo hakupanda treni bila kitabu cha pasi chenye ruhusa ndani yake, na ruhusa ilitoka kwa karani, na karani alitoka usingizini akipenda. Mwaka ule dada yake alimwandikia kwamba mama yao ni mgonjwa wa kitandani, macho hayaoni tena, na kila asubuhi anauliza kama Njoroge amefika. Njoroge akaomba ruhusa, akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa. Mara ya tatu karani alimwambia mama za watu wote huugua. Akarudi bandani, akavaa aproni, akaendelea kupanga tangazo la sabuni.

Hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililonichoma. Mama yangu mimi alikuwa Likoni, nikimwona kila jioni na kumnung'unikia kwamba samaki hana ndimu. Niliona aibu. Basi nikaandika barua kwa mhariri, isiyo na jina, nikauliza serikali inaogopa nini hasa mtu akienda kumwinua mama yake kipofu kitandani ampe uji. Sikumwambia Njoroge, lakini ni yeye aliyeipanga. Aliipanga kimya, ila nilitambua ametumia herufi kubwa kidogo kuliko nilizoagiza.

Mzee Athmani aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Hii haipiti, Bakari. Kwa hii punda hatoshi. Hii yataka ngamia."

Nikamtafutia ngamia. Nilikaa juu ya bunda la karatasi nikawaza uongo mkubwa kuliko wote unaoweza kuandikwa Kenya wakati ule, nikaupata. VITA VIMEKWISHA. Chini yake: habari za kuaminika zimetufikia kwamba Serikali itaondoa Hali ya Hatari siku chache zijazo, na kila mtu atakwenda kwao. Kichwa kilihitaji herufi kubwa za mbao, nasi tulikuwa na I mbili tu za ukubwa ule. Ya tatu Njoroge aliichonga kutoka mpini wa ufagio. Alipomaliza aliitazama kazi yake, akatabasamu.

"Kafara nzuri," akasema. "Inasikitisha kuichinja."

Alhamisi nikasimama mbele ya meza ya Bwana Penseli nikisubiri ngamia afe. Aliisoma. Masikio yakamgeuka mekundu. Akafungua droo, akachungulia kitu ndani, akaifunga, akaenda dirishani akatazama nje, akarudi akaisoma tena. Kisha akachukua penseli akakata kwa hasira, akapiga muhuri, akanisukumia kurasa bila kunitazama usoni. Nilimshukuru nikashuka ngazi. Nilipofika chini nikafungua ukurasa wa kwanza. Barua ya kumtetea Njoroge ilikuwa imekatwa yote, mstari kwa mstari, hadi nukta ya mwisho. VITA VIMEKWISHA haikuguswa. Kando yake, wazi kabisa, ulikuwa muhuri wa serikali.

Mzee Athmani alipouona ukurasa alikaa kitako juu ya mashine.

"Wallahi nimefanya kazi hii tangu wewe hujazaliwa," akasema, "sijaona kafara ikarudi hai na mwenyewe akachinjwa."

"Labda hakuisoma, Mzee."

"Umeniambia kaisoma mara mbili."

"Labda ni mgonjwa."

"Mgonjwa ni wewe. Tukichapa uongo huu twafungwa sote, na Ijumaa ijayo hakuna gazeti. Tutaiondoa. Mwite Njoroge aivunje."

Njoroge hakuwapo. Aproni yake ilikuwa msumarini. Alikuwa amesimama nyuma yetu tulipokuwa tukibishana, na katika kubishana huko hatukumwona akiondoka. Nikaukumbuka ukurasa, nikageuka mezani. Kurasa tatu zilikuwapo. Wa kwanza haukuwapo.

Mzee alielewa kabla yangu. Treni ya bara ilipita stesheni ya Changamwe alasiri, na saa ilikuwa imekaribia.

"Kimbia," akaniambia. "Mrudishe. Wakimshika humo bila pasi na karatasi ile mkononi, hatutamwona tena, wala mama yake hatamwona."

Nilikimbia na kanzu nimeikunja kiunoni, baina ya malori ya mafuta, na madereva wakinitukana kwa lugha nne. Nilimkuta jukwaani. Alikuwa amevaa koti lake la pekee, na kibweta cha bati miguuni. Ukurasa ulikuwa kifuani, ndani ya koti.

"Kaka Njoroge," nikasema nikihema, "ile habari ni yangu. Niliitunga. Hakuna vita vilivyokwisha."

"Bakari, nimepanga uongo wako miaka miwili. Naujua kwa mguso."

"Sasa waenda wapi?"

"Uongo ni wako. Muhuri si wako." Akagusa koti. "Nimeomba ruhusa mara tatu nikanyimwa. Leo serikali imepiga muhuri kwamba kila mtu aende kwao. Mimi ni mtu."

"Wakikushika?"

"Nitakuwa nimeshikwa nikielekea nyumbani. Hapa nimeshikwa vile vile."

Treni ikaingia. Nilitumwa nimrudishe, na nilikuwa kijana mwenye nguvu. Ningeweza kumnyang'anya ile karatasi, naye bila karatasi asingepanda. Nawaambia ukweli kwamba nilinyosha mkono. Kisha nikaona kidole gumba chake kikipapasa ubavu wa lile koti, kikitafuta mkato usiokuwapo, na mkono wangu ukaenda kwenye kibweta. Nikamnyanyulia hadi mlangoni mwa behewa la daraja la tatu.

"Ikunje muhuri uwe nje," nikamwambia. "Waone muhuri kwanza, wasome baadaye."

Nilirudi bandani nikitembea. Mzee Athmani alikuwa mlangoni.

"Umemkuta?"

"Nimechelewa, Mzee. Treni ilikuwa imeshaondoka."

Alinitazama mkono, ambao ulikuwa na alama nyekundu ya mpini wa kibweta. Kisha akavua kofia, akaifuta, akaivaa tena.

"Haya," akasema. "Basi tuchape."

"Tuchape nini?"

"Hiyo hiyo. Yule yuko njiani na karatasi yetu. Wakimuuliza na gazeti halikutoka, hiyo ni karatasi ya kughushi na yeye ni mwizi wa muhuri. Likitoka, yeye ni msomaji wetu. Hatumwachi mtu wetu na uongo wetu peke yake. Washa mashine."

Pale penye barua iliyokatwa tulitia tangazo la sabuni. Mimi nilichapa nakala kumi zimepinda. Mzee alichapa zake zimenyooka, akinong'ona sura ya Ya-Sin, na kila nakala ya hamsini ananiuliza kama jela ya Mombasa wanatoa chai.

Ijumaa baada ya sala gazeti likatoka, na likaisha kabla ya adhuhuri kupoa. Likoni akina mama walipiga vigelegele. Kisauni hawakuamini, lakini walinunua ili wawe na kitu cha kutoamini. Mtu mmoja Changamwe alinikumbatia barabarani akalia begani mwangu, nami nikasimama kama gogo, maana nilijua kwamba analilia kazi ya ufagio na kijana mwongo. Sijapata kujichukia kazini kama saa ile.

Jumamosi asubuhi tukaitwa kisiwani, mimi na Mzee. Mzee alivaa shuka mbili, moja juu ya nyingine, kwa ajili ya kulalia jela. Bwana Penseli alifunga mlango, akatuomba tuketi, akashusha sauti.

"Bwana Athmani. Tafadhali. Nani amewaambieni?"

Mzee hakupepesa jicho. "Sisi hatutaji watu wetu, Bwana."

"Ile barua ya siri kutoka Nairobi mimi niliipata Jumatano. Jumatano! Na Alhamisi nyinyi mnayo, imechapwa, na herufi kubwa hivi. Nikajua mmeambiwa na mkubwa kuliko mimi. Ningekata vipi maneno ya mkubwa?" Akavuta pumzi. "Niliona haya kupiga simu kuuliza. Ningeonekana wa mwisho kujua."

Mzee aliinama kidogo, kwa huruma kabisa. "Na ile barua ya mtu na mama yake, Bwana, uliikata kwa nini?"

"Vita vimekwisha," akasema Bwana Penseli kwa mshangao wa kweli. "Malalamiko ya nini tena?"

Nje, Mzee alinishika sikio mbele ya watu kama mtoto wa madrasa. "Mwanangu, ukiota tena ndoto, niambie mimi kwanza, usiliambie gazeti." Kisha akacheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi nilicheka nusu, maana Njoroge hatukuwa na habari zake.

Jumanne redio ikamleta Gavana, akasema yale niliyoyatunga, kwa maneno mengi zaidi na bila sabuni. Magazeti makubwa ya Nairobi yalipiga simu kutuuliza tulijuaje. Hapo ndipo sifa yangu ilipoanza, na mnavyoona, sikuikataa kwa miaka karibu arobaini.

Njoroge alirudi wiki tatu baadaye. Alitua gunia la viazi, akavaa aproni, akauliza nani amechanganya K zake na H. Nilimwacha mpaka Mzee akaenda kusali, kisha nikamuuliza njia ilikuwaje. Alisema baada ya Voi askari waliingia behewani wakitaka pasi. Akawapa karatasi, muhuri nje. Yule askari aliutazama muhuri akasimama wima. Kisha akaikunjua akasoma polepole, kwa sauti, na behewa zima likasikiliza. Akamwita mwenzake, wakasoma wote wawili. Mwenzake alikuwa hajakwenda kwao miaka mitatu. Akamrudishia karatasi kwa mikono miwili.

"Vita vikaishia humo, Bakari. Kati ya kuku na mizigo ya watu."

"Na mama?"

Alikuwa akipanga huku akizungumza, na vidole havikusimama.

"Nilifika Jumamosi. Hakuniona, lakini aliipapasa mikono yangu akasema ni michafu, basi ni mimi. Nikamsomea ile habari kwa Kikikuyu. Akauliza kama ni kweli. Nikamwambia ina muhuri. Akataka aushike, nikakiweka kidole chake juu ya wino. Jumapili akataka nisome tena. Jumatatu asubuhi akataka tena, nikasoma, na sikufika mwisho. Tulimzika jioni ile ile."

Nikahesabu siku. Gavana alizungumza Jumanne.

"Ndiyo," akasema Njoroge. "Siku niliyomzika ilikuwa bado uongo."

Nikasema neno la kipumbavu, la kikazi, kwa kuwa lilikuwa karibu: kwamba Mzee anaiulizia ile prufu aiweke kwenye faili, kwa kuwa ina muhuri wa asili. Njoroge alichomeka herufi ya mwisho ya mstari, akaukaza kwa kidole gumba.

"Mwambie hatuwezi kuipata," akasema. "Anayo mama."